Mkwe na Mnara wa Chuo

Mama mlezi wa bweni la wasichana, ambaye wanafunzi walimwita Kamanda akiwa hasikii, aliwahi kufika ukumbi wa halmashauri akakaa mstari wa mbele. Siku hiyo madiwani walikuwa wanajadili mnara wa simu. Kampuni ilitaka kuusimika katika uwanja wa netiboli wa chuo, chini ya madirisha ya bweni lake, naye alikuja kuupinga.

Mwenyekiti akamwita mhandisi wa kampuni. Aliyeingia, makaratasi kwapani, alikuwa mume wa kitinda mimba wake.

Kamanda alibaki kinywa wazi. Ndoa ile ilikuwa bado inanukia. Siku ya posa kijana alisema anafanya kazi za simu, naye akadhani ni fundi wa kutengeneza simu. Alishawahi hata kumpa ya kwake iliyopasuka kioo. Kijana aliona haya kumsahihisha mama mkwe, akaipeleka kwa fundi kimyakimya na kuirudisha ikiwa nzima.

Mhandisi alisogelea kipaza sauti, macho yakamwangukia mkwewe. "Shikamoo, mama," akasema, na ukumbi mzima ukasikia.

"Marahaba, baba."

"Mnajuana?" mwenyekiti akauliza.

"Ni mkwe wangu, Mheshimiwa."

Watu wakacheka. Diwani mmoja akapendekeza hoja iondolewe, kwa kuwa hayo sasa ni mambo ya ndani ya ukoo. Mwenyekiti akagonga meza, kazi ikaendelea.

Mhandisi alieleza kwamba mtandao chuoni ni wa kubahatisha, na wanafunzi hupanda ngazi za maktaba ndipo wapate kuongea na wazazi. Kamanda hakubisha. Yeye mwenyewe, akitaka kumpigia binti yake, hutoka nje na kuzungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ila alikuwa na swali, na kumkabili mkwe hadharani hakuweza.

"Mheshimiwa, naomba umuulize mkwe wangu kama ameuona ule uwanja kwa macho yake."

"Mheshimiwa," mhandisi akajibu akiangalia chini, "naomba umwambie mama kwamba nimeuona."

"Mnanifanya mshenga," mwenyekiti akasema. "Mahari yenyewe ilishatolewa. Zungumzeni."

Kamanda akasimama. "Haya, baba. Umeme ukikatika mtawasha jenereta. Wasichana wangu watalala?"

Bosi wa mhandisi alikuwa nyuma yake, amekunja mikono. Kijana alijua jibu ambalo bosi angelipenda. Akapangusa paji la uso.

"Hawatalala, mama. Inanguruma sana."

Bosi akakohoa.

"Sasa kwa nini mmechagua pale?"

"Lori linafika bila shida. Nyuma ya karakana ya useremala ya chuo pangefaa zaidi, usiku hapana mtu. Lakini barabara ya kule ni mashimo matupu, ingebidi tuitengeneze kwanza."

Diwani wa eneo hilo alikuwa anasinzia. Aliposikia neno barabara alinyanyuka, akasema anaunga mkono karakana kwa mikono miwili, na akataka iandikwe kwamba kampuni ndiyo itakayoziba mashimo. Bosi alitazama dari, kisha akaafiki. Kukosa kibali kabisa kungekuwa hasara kubwa zaidi. Walipopiga kura, karibu wote walinyoosha mikono. Mzee mmoja tu alikataa, akasema mnara haupendi popote utakapowekwa, na hakuna aliyemlaumu.

Nje ya ukumbi bosi alimshika mhandisi bega. "Umeniongezea kazi," akasema, lakini alikuwa anatabasamu, akaondoka. Kamanda, aliyekuwa ameanza kupanga atakavyomtetea, akashusha pumzi.

Jioni binti yake alimjia bwenini, uso umekunjamana.

"Mama, nasikia umemhoji mume wangu mbele za watu."

"Nimemhoji."

"Na yeye?"

"Amejibu ukweli, na bosi wake kasimama kisogoni pake." Kamanda alikuwa anakunja shuka, akampa binti pindo moja wakunje pamoja. "Kila mkija hapa anakaa kwenye kochi kama mgeni wa serikali, anaitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Leo ndiyo nimemsikia sauti. Mwambie Jumapili aje, tuongee."

"Kuhusu nini?"

"Chochote. Hata tubishane."

Binti akacheka hadi shuka likamponyoka.