Kichupa Namba Saba

…tone moja tu, nani atajua, pipeti ninayo mkononi, ndani yake ile sampuli yenye ugonjwa ambayo huwa tunaipima pamoja na za wateja ili tujue mashine haitudanganyi, na chini ya ncha yake kiko kichupa namba saba, majani ya krisanthemu ya yule bwana mwenye shamba anayegonga kioo cha mapokezi, "Binti, nisubiri mpaka lini?", hanitambui, miaka kumi na moja imepita na sauti ni ileile, ileile iliyomwambia baba mbele ya wakata maua wote, "Mzee, una mkono wa nuksi wewe, kila unachogusa kinadumaa," akamfukuza palepale, na baba alirudi nyumbani na mche mmoja mfupi ndani ya kopo, tangu siku hiyo hata maua ya mama hayagusi, ananawa tu, ananawa… kumbe kilichoidumaza ile miche ni viroidi, kitu kidogo kuliko hata kirusi, darubini yetu haikioni, mpaka usage jani, uchuje, uiachie mashine izidishe kilichomo hadi mstari upande kwenye skrini, na mche wa baba niliupima mwezi wangu wa kwanza hapa maabara, mstari ukapanda kama moto, vipandikizi vilifika shambani vikiwa vigonjwa, alivileta bwana mwenyewe, baba alimwambia vina kasoro, nani alimsikiliza… tone moja, na shamba zima litachomwa, nataka nimuone amesimama kwenye moshi, nataka akohoe, nataka aulize kakosa nini na asijibiwe, "Binti, si naongea na wewe?", "Baada ya muda wa saa mbili hivi, mzee wangu," nasema kwa adabu, ulimi mtamu, moyo shubiri, "Basi ukikuta ugonjwa, aliyeuleta namjua," anasema, "nina mkata vipandikizi mmoja pale, mchafu yule, leo leo anaondoka"… nani huyo, simjui, huenda ana watoto, watamwona jioni akiingia kama baba alivyoingia… yaani tone langu lingemwangukia yeye, nusura nimfanyie bwana huyu kazi yake, mimi, kwa mkono wangu… hapana, hunipati, jibu la uongo utamtwisha mwingine, la kweli nitakupa pamoja na karatasi ya majibu ya mche wa baba, jina la shamba lako juu, nitakusomea kwa sauti mapokezi yote wasikie, nitakupima sawasawa, mzee, bila kukuonea hata chembe, na mstari wako ukipanda wenyewe nitafurahi, Mungu anisamehe, nitafurahi sana.