Kamba ya Matambara

Nasema wazi, na anayetaka kununa anune: ile kamba haikuwa takataka.

Niliifunga mimi kwa mikono yangu, kuanzia mwimo wa mlango wa jikoni hadi bomba la uani, na kutoka bomba hadi mlango wa choo. Niliifunga usawa wa kiuno. Mgeni akiingia uani kwetu mara ya kwanza alikuwa anajiuliza nguo gani zinaanikwa chini vile, si zitaburuza vumbini. Na juu ya kamba kulikuwa na matambara. Mimi ni fundi cherehani, vipande vya vitambaa havinipungukii. Kipande cha mahameli maana yake bomba liko hapa, nyoosha mkono. Kipande cha jinzi maana yake kuna kidato, inua mguu. Kipande cha sweta kuukuu, umefika mlangoni. Mama alikuwa anapita na kamba yake mkono mmoja, kopo la maji mkono wa pili, anaongea peke yake, anakwenda na kurudi bila kumsumbua mtu.

Mama haoni. Macho yalimfifia taratibu mpaka yakabaki kutofautisha mwanga wa mlango na kivuli cha ukuta, basi. Hilo tulikuwa tunalijua sisi wawili tu, kwa sababu aliniapisha.

"Mdogo wako asijue," aliniambia. "Akijua atanibeba."

Mdogo wangu anakaa mbali, ghorofa ya nne, nyumba ambayo ukitaka kuona udongo unachungulia dirishani. Mama alishawahi kwenda kule, enzi macho yake bado yapo. Alikalishwa kwenye kochi tangu kuamka mpaka kulala, eti apumzike. Akarudi amenyong'onyea. "Kule nilikuwa mzigo," alisema. "Hapa nina miguu." Ndiyo maana mdogo wangu akipiga simu ya video, Mama anaelekeza uso kwenye sauti na kumwambia, "Umenenepa, baba," na yule anacheka kwa sababu ni kweli amenenepa.

Basi wakaja kutusalimia, yeye na mkewe. Gari limefungwa mizigo hadi juu ya paa. Nikajua wameleta mchele na mafuta kama watu wengine. Kumbe ni mapambo ya uani. Mwavuli mkubwa wa kukalia chini yake, bembea ya kamba nene, vyungu vya maua vya saruji, taa za sola za kuchomeka ardhini, magunia ya kokoto nyeupe. Wifi yangu alikuwa na picha kwenye simu, ua wa watu fulani huko, na akasema wa kwetu utakuwa vilevile. Nilikuwa na sare za shule za kupeleka kwa wateja, na shule zinafunguliwa kesho yake. Nikawaacha wanashusha, Mama amelala chumbani.

Niliporudi nilibaki mdomo wazi.

Sitaki kusema uongo, ua ulipendeza. Ungeweza kuupiga picha ukautundika ukutani. Lakini njia ya Mama haikuwepo. Ule udongo mgumu aliouzoea kwa nyayo ulikuwa umefunikwa kokoto kila mahali, kila hatua inafanana na nyingine. Vyungu vimepangwa kwa kupindapinda, makusudi, kwa sababu mstari ulionyooka si urembo. Na katikati, pale pale kati ya bomba na choo, wamesimamisha sanamu ya saruji, msichana kabeba mtungi begani. Mwimo wa mlango ulikuwa mtupu. Mama alikuwa kwenye bembea chini ya mwavuli, mikono imeshika kamba za pembeni, magoti ameyabana pamoja.

"Ile kamba iko wapi?" nilimuuliza mdogo wangu.

"Ile ya matambara? Dada, kwa kweli ile ilikuwa aibu. Nimeikata, iko kwenye pipa la taka." Akanipiga bega. "Mwangalie mama yako. Tangu tumemweka pale hajanyanyuka. Anafurahia maisha."

Hajanyanyuka. Damu ilinichemka mpaka masikio yakawa ya moto. Mtu anakaa mahali kwa sababu umemkatia njia, wewe unasema anafurahia maisha. Na mimi nimeapa, siwezi kufungua mdomo. Hasira nyingine nilikuwa nayo kwa Mama mwenyewe, kwa kunifunga kiapo cha namna ile kisha kukaa pale anatabasamu.

Nilimwinamia. "Mama, twende ndani."

"Nimebanwa," akaninong'oneza. "Tangu saa ile."

"Nikushike mkono."

"Hapana. Wataona."

Akashuka kwenye bembea, akaiweka sawa kanga yake, akaanza kutembea kama mtu anayejua anakokwenda. Mdogo wangu akatoa simu. "Mama, hivyo hivyo, njoo huku, nakuchukua video." Kokoto zikawa zinalia chini ya ndala zake. Alipishana na chungu cha kwanza kwa bahati tu. Nilikuwa namfuata nyuma, mikono tayari kama mtu anayefukuza kuku, na yeye akisikia namkaribia anaongeza mwendo. Akaenda kumvaa yule msichana wa saruji kifua kwa kifua.

"Samahani mwanangu," Mama akasema. "Nimekuumiza?"

Wifi akacheka. Mdogo wangu naye akacheka, simu iko juu.

"Mtoto wa nani wewe? Mbona huamkii?" Mama akanyoosha mkono, akamshika bega, halafu shingo, halafu shavu. Uso wake ukabadilika. "Jamani, huyu mtoto amepoa. Mbona amepoa hivi? Mleteeni kitu ajifunike."

Kicheko cha wifi kikakatika. Mdogo wangu akashusha simu taratibu.

"Mama," akasema, "hiyo ni sanamu."

Mama akaurudisha mkono wake na kuuficha ndani ya kanga. "Najua," alisema. "Nawatania." Lakini alikuwa anauambia mwavuli.

Mdogo wangu alimtazama Mama, akautazama mwavuli, akanitazama mimi.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipofunga kamba," nikamwambia. "Ile uliyoikata."

"Na mmenificha? Mimi si mtoto wa humu?" Sauti ilimtetemeka, kisha akaikaza. "Basi haina mjadala. Kesho tunaondoka naye. Mtu katika hali hii hawezi kukaa huku."

Hapo kiapo kikawa kimeisha, nikampa vidonge vyake. Nikamwambia katika hali hiyohiyo Mama ameoga mwenyewe, amefua mwenyewe, amekwenda chooni mwenyewe, mpaka leo mchana alipokuja mtu anayempenda akamkalisha kama chungu cha maua. Nikamwambia kule ghorofani atamwekea bembea nyingine sebuleni, ampige picha akitabasamu, na kila akibanwa amwite mtu. Nikamwambia na mengine ambayo wifi hakupaswa kuyasikia.

"Mimi bado nimebanwa," Mama akasema. "Mkimaliza kugombana mniambie kamba yangu iko wapi."

Nikamshika mkono nimpeleke. Akaunyofoa. "Nimejizuia muda wote huu, nitashindwa sasa hivi?"

Nilikimbilia pipani. Kamba ilikuwa vipandevipande, imechanganyika na maganda na makaratasi ya mapambo yao. Nikaanza kuunga. Mdogo wangu akapiga magoti kwenye kokoto zake, akachukua ncha nyingine. Wifi alimkumbatia yule msichana wa saruji kiunoni na kumburuza hadi ukutani, gauni lake zuri likachafuka, na tangu siku hiyo sina neno baya juu yake.

"Hiki cha nini?" mdogo wangu akauliza. Alikuwa ameshika kile kipande cha jinzi.

"Kidato. Inua mguu."

Alikitazama kwa muda, kisha akaenda kukifunga mahali pake. Anafunga vibaya, hajawahi kujua kufunga. Mama alipopokea kamba alisita kwenye kila fundo lake, akaguna. Lakini alikwenda. Mahameli, akanyoosha mkono, akagusa bomba. Jinzi, akainua mguu. Sweta. Mlango ukafungwa, tukasikia komeo linasukumwa kwa ndani.

Mdogo wangu alikuwa amemfuata polepole, amesimama nje ya mlango, mikono tayari, kama nilivyosimama mimi.

"Nani yuko hapo mlangoni?" Mama akauliza.

"Mimi, mama."

"Nenda kakae kwenye bembea yako, baba. Na huko kwako siendi."