Mbao Tatu na Neno Weten

Baba yangu, Krijn Kodde, alitimiza miaka sabini mwezi wa tisa mwaka 1984, tukaenda kumpongeza kama tufanyavyo kwetu Zeeland, pwani ya Uholanzi: viti vimepangwa duara sebuleni, kahawa, na zile keki za mdalasini zinazonata vidoleni. Siku hiyo mimi ndiye niliyeharibu mambo, wala sikuwa na nia hiyo.

Nilikuwa mfanyakazi wa ofisi ya kamusi mjini Leiden. Kazi yangu ilikuwa kutafuta maneno yametoka wapi, na ukoo mzima uliiona kazi hiyo kichekesho. Mjomba Kornelis, mkulima wa viazi, akaniuliza safari hii ninahangaika na neno gani. Nikamjibu, weten, yaani kujua.

"Yaani unalipwa mshahara kwa neno ambalo hata kuku wangu analielewa," akasema. Watu wakacheka.

Nami nikataka kujionyesha. Nikawaeleza kwamba kumjua mtu kwetu kuna kitenzi chake kingine. Weten ni kujua jambo, kwamba liko hivi au vile. Zamani za kale mzizi wake ulikuwa kuona. Aliyesema "najua" alikuwa anasema "nimekwisha kuona." Na humo ndimo lilimotoka neno letu la dhamiri, geweten.

"Kwa hiyo ukishaona, mjomba, umeshajua," nikamalizia. "Huna pa kujificha."

Mjomba akasema basi yeye hajui kitu, maana ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Wakacheka tena. Baba hakucheka. Aliweka kikombe chini taratibu, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nilimkuta bustanini, amesimama kati ya mistari ya vitunguu. Nikadhani anaumwa. Akaniambia nisimguse, nisikilize tu.

Barabara ya kijiji chetu hupita kwenye uwazi katika tuta la bahari, lile boma la udongo linalozuia maji. Bahari ikichafuka, uwazi ule huzibwa kwa mbao nzito, na mtunzaji wa mbao hizo alikuwa Baba. Katikati ya Januari mwaka 1953 alikwenda bandani kuzikagua. Mbao tatu zilikuwa zimeoza. Alibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama. Alitakiwa kuzipaka lami tangu vuli, naye alikuwa akiahirisha kila wiki. Akamwogopa msimamizi wake. Akazigeuza, upande uliooza ukaelekea ukutani, akajiambia ataomba mbao mpya majira ya kuchipua.

Bahari haikusubiri. Ilikuja usiku wa mwisho wa mwezi uleule, mbao zikavunjika, maji yakaingia kijijini kwa njia ya barabara. Job, mume wa Bi Jikkemien jirani yetu, alikufa maji pamoja na binti yao Leuntje. Leuntje alikuwa na miaka minane kama mimi. Shuleni tulikaa dawati moja.

Wachunguzi walipokuja, walimuuliza Baba kama alijua hali ya mbao. Akasema, "Sikujua."

"Miaka thelathini na moja nimelishikilia neno hilo," akaniambia. "Nilijishawishi kwamba kuona ni kitu kimoja na kujua ni kingine. Leo mwanangu mwenyewe kanivua nguo mbele ya watu."

Kilichomtesa zaidi ni shukrani. Jumapili ile ya mafuriko Baba ndiye aliyepiga makasia hadi kwenye paa la Bi Jikkemien, akamshusha akiwa hai. Tangu hapo mama huyo alimletea jamu ya matunda kila mwaka, na kila tarehe mosi Februari alitukaribisha kwake kwa kumbukumbu ya wafu wake. Baba alikwenda kila mwaka, akakaa kwenye kiti alichopewa, akala.

Akasema anataka kwenda kwake jioni ileile amwambie.

Nilimzuia. Nilimwambia mama yule ameshazeeka, atamtonesha kidonda bure. Nilisema maneno mazuri mengi, kwani maneno ndiyo kazi yangu. Ukweli ni kwamba niliogopa jina letu, na nilimwogopea Mama, aliyekuwa sebuleni akimimina kahawa bila habari. Baba akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa amri. Hakulitaja tena. Alifariki mwaka uliofuata. Bi Jikkemien alikaa mstari wa mbele kanisani, akalia kuliko mimi.

Mimi nikaendelea kwenda kwake kila tarehe mosi Februari, sasa peke yangu. Nilikaa kwenye kiti cha Baba.

Januari mwaka 1995 aliniita. Alikuwa na miaka themanini na minne, miguu imekwisha, akili kali. Alikuwa ameshaweka kalamu na karatasi mezani. Kijiji kinajenga nyumba mpya, akasema, na mtaa mmoja hauna jina. Anataka uitwe Krijn Kodde. Niandike barua kwa manispaa, mimi niliyesoma.

Niliandika tarehe. Niliandika "Waheshimiwa." Nikaweka kalamu chini.

"Bi Jikkemien," nikasema, "Baba aliziona zile mbao. Zilikuwa zimeoza na alijua."

Nikamweleza yote, banda, kidole gumba, msimamizi. Alisikiliza akiwa amekunja mikono mapajani.

"Wewe umejua lini?" akaniuliza.

"Mwaka wa themanini na nne. Alitaka kuja kukwambia. Mimi nilimkataza."

"Miaka kumi."

"Ndiyo."

"Krijn aliogopa kazi yake, kisha akanitoa juu ya paa mikono ikivuja damu. Yeye nitajua la kumfanya, nimpime huku na huku." Aliongea polepole, bila hasira niliyoitarajia. "Lakini wewe Tannetje, wewe uliogopa nini? Umekaa hapa miaka kumi unakula keki yangu, unanisikiliza nikimshukuru baba yako. Ulikuwa unaniangalia usoni."

Yote niliyomwambia Baba bustanini nilijaribu kuyakumbuka, na hakuna hata moja lililofaa kutamkwa mbele yake.

Akanivutia karatasi ileile. Akaniamuru niandike, si ya mtaa, bali haya niliyoyasema, kwa mkono wangu, nitie sahihi, na la kumkataza Baba nisiliruke. Niliandika. Alivaa miwani, akasoma mara mbili, akaikunja na kuitia ndani ya Biblia yake. Akaniambia nisije tena tarehe mosi Februari. Siku hiyo ni ya Job na Leuntje.

"Siku nyingine njoo ukitaka," akasema. "Chai itakuwepo. Keki sikuahidi."

Mtaa ule ulipewa jina la ua. Mimi huenda kwake Alhamisi mbili kwa mwezi. Namwoshea madirisha, namsomea gazeti. Hajasema kwamba amenisamehe, nami sijamuuliza. Wiki iliyopita, nikiwa natundika pazia, alinisimulia kwa mara ya kwanza jinsi Leuntje alivyokuwa akiiga kikohozi cha mwalimu wetu. Nilimkumbuka Leuntje vizuri. Tulicheka kidogo, kisha akageuza uso kwenye dirisha, nikajua ni wakati wa kwenda.