Pampu ya Bwawa la Mama

Pampu ya bwawa ilipoungua, mama alikuwa ameshahamishiwa chumba cha mbele, kitanda chini ya dirisha, na daktari ameshatuambia kwamba kilichobaki ni kumpumzisha tu. Bwawa lenyewe liko nje ya dirisha hilo hilo. Baba, fundi uashi mstaafu, alilichimba kwa mikono yake zamani mama alipotamani samaki. Sasa maji yalikuwa yamelala kimya, na samaki wanapanda juu kutafuta hewa huku mama anawatazama. Iliniuma.

Nikaenda dukani na baba. Nilikuwa nimeshakata shauri: tununue pampu ndogo, isiyo na fujo, mama apate usingizi.

Muuzaji aliuliza maji yanapandishwa hadi wapi. Baba akajigusa kifuani. Jiwe ambalo maji humwagika kutoka juu yake lina kimo hicho.

"Basi hii ndogo inatosha," muuzaji akasema. "Itatiririsha taratibu na samaki watapata hewa. Hii kubwa itamwaga kama mvua kwenye bati. Kwa bwawa lako, mzee, huihitaji."

"Nipe kubwa."

"Baba, si umemsikia?"

"Nimemsikia. Nipe kubwa."

Baba ana kichwa kigumu, nami sikukiokota kwingine changu. Nikamwambia palepale, mbele ya wateja, kwamba mke wake anaumwa naye anawaza mapambo. Akalipa. Akalikumbatia boksi lake mpaka nyumbani, mimi nyuma yake nimefura.

Jioni akaifunga. Maji yakaanguka kwa kishindo, vioo vya dirisha vikatetema, samaki wakajibanza pembeni. Nikaingia kwa mama, nikamwinamia ili anisikie.

"Kesho nairudisha, mama. Huyu mzee hashauriki."

"Usiirudishe."

"Sasa utalalaje?"

"Kwani nilikuwa nalala?" Akapumzika kidogo, maana maneno yalikuwa yanamchosha. "Baba yako akidhani nimesinzia hutoka akakaa pale bwawani. Analia. Awali maji yalimfichia sauti. Tangu pampu ife, namsikia kila kitu."



"Anajua kama unamsikia?"

"Ameanza kushuku, ndiyo maana kakimbilia hilo dubwana. Akiwa na hakika atajikaza, na mwanamume yule akijikaza anaweza kunitangulia." Akacheka kidogo, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Nikamnywesha maji.

Nikachungulia dirishani. Baba alikuwa ameketi kwenye ukingo alioujenga mwenyewe, amenipa mgongo, mabega yanapanda na kushuka. Niliona aibu kwa yale niliyomtamkia dukani. Nikageuka kwenda kumwomba radhi, lakini mama akanishika mkono.

"Utamwomba kesho. Mwache kwanza."

Nikavuta pazia. Mama akasikiliza yale maji kwa muda, macho ameyafumba, nikadhani kweli usingizi umemchukua.

"Nayo yana nguvu hasa," akasema. "Huko nje hawezi kusikia lolote la humu ndani?"

"Hawezi, mama."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi na mimi nilie."

Nikapanda kitandani, nikamkumbatia, naye akalia.