Mkono wa Abuna na Mkono wa Sheikh

Mkutano wa viongozi wa dini wa Beirut ulianza Alhamisi saa nne asubuhi, ukamalizika saa nne na dakika nane, kahawa ikiwa bado ya moto. Sisi wa hapa tuna madhehebu kumi na manane, na mwaka mmoja tulishindwa kukubaliana hata saa ni ngapi. Lakini siku hiyo tamko lilipita bila kikohozi: mwanamume haoani na mwanamume, wala mwanamke na mwanamke. Padri Mtanios, ambaye sote tunamwita Abuna, akapeana mkono na Sheikh Nadhir. Mpiga picha akasema mmoja kafumba macho, warudie. Wakarudia, na mikono haikuachana tena.

Walipaka sabuni, kisha mafuta ya zeituni. Daktari alisema mikono ni mizima, imeamua tu. Ikabidi Sheikh, aliyefiwa na mke, ahamie kwa Abuna.

Kwa kuwa ilikuwa mikono ya kulia, mmoja alitembea kinyumenyume, kwa zamu. Sheikh alipotawadha, Abuna naye alioshwa mara tano kwa siku. Mtaani wakasema hajawahi kuwa msafi hivyo. Abuna alipopiga ishara ya msalaba, mkono wa Sheikh ulikwenda na kurudi nao. Kufikia mwezi wa tatu wa kushikana walikuwa wanagombania chumvi ya dengu.

"Unakoroma kama jenereta," alisema Sheikh.

"Na wewe unavuta blanketi lote. Marehemu alikuvumiliaje?"

Majirani waliwaletea maamuli, biskuti za tende za sikukuu, na kuwaombea wadumu.

Naji, mpwa wa Abuna, hakuwahi kuletewa maamuli. Miaka kumi na mitano aliishi na mwenzake Ghassan ghorofa ya juu, na majirani waliwaita wapangaji. Ghassan alipolazwa kwa ugonjwa wa moyo, Naji alizuiwa mlangoni: wanaingia jamaa tu. Akarudi nyumbani, akashuka kwa mjomba wake ghorofa ya chini.

"Mjomba, kwani tumewakosea nini hasa?"

"Maandiko, mwanangu."

"Hata kwetu," alisema Sheikh.

"Nyie hamkubaliani hata siku ya kufunga! Hili tu ndilo mmelisoma sawasawa?"

Abuna alimtazama Sheikh. "Mwambie wewe."

"Mpwa ni wako."

"Maandiko yapo kweli," Abuna alisema. "Lakini pia, hapa anayetaka kuoa anapita kwetu, au apande ndege aende Kupro kufunga ndoa ya serikali. Leo watatuuliza nani aoane na nani. Kesho watauliza kwani sisi tunaulizwa kama nani. Tukiachia ndoa, tunabaki na mazishi."

"Na mazishini hawagawi lozi za sukari kama harusini," alisema Sheikh.

Wakaenda wote watatu hospitali. Muuguzi alisema kiongozi wa dini anaingia mmoja tu kumwombea mgonjwa. Sheikh akamwonyesha mikono.

"Haya, ingieni wote," alisema muuguzi. "Mimi si wa kutenganisha watu."

Naji alibaki kwenye benchi, ameshika miwani ya Ghassan.

Ndani, Ghassan alikodoa macho. "Nani hao? Maharusi?"

"Ni sisi," alisema Abuna. "Naji yuko nje, ana miwani yako. Nikuletee?"

"Hapana. Ailete mwenyewe."

Walipotoka, Naji alikuwa na karatasi yenye mstari mmoja: Naji ni mtu wake Ghassan. Muuguzi alikuwa amesema ikiwa na saini ya kiongozi wa dini, yeyote yule, inatosha kumwingiza.

Abuna aliisoma. Akampa Sheikh, naye akaisoma.

"Saini ni ya mkono wa kulia," alisema Sheikh.

"Na wa kulia una kazi," alisema Abuna.

Naji akaikunja karatasi, akaanza kuifuta miwani kwa shati. Wazee wakaondoka. Ilikuwa zamu ya Sheikh kutembea kinyumenyume, na Abuna alimhesabia ngazi moja moja, kwa sauti ya chini, asije akaanguka.