Hakuna Aliyedhurika

Mzee fundi bomba alifia hospitalini asubuhi, wakati wauguzi wanapokezana zamu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake. Alikuwa mtu wa mzaha usioisha. Hata alipobaki mifupa na macho, bado aliwavunja mbavu wagonjwa wa vitanda vya jirani. "Nikifa," alikuwa akimwambia binti yake, "nipelekeni kwa mama yenu mbio mbio, kabla hajampata wa kushika nafasi yangu." Binti alicheka, kisha akageukia dirishani ajifute machozi.

Binti huyo alikuwa mshonaji. Tangu utotoni walimwita Sindano kwa wembamba wake. Ushonaji ulikuja baadaye, kama kwamba jina ndilo lililoutafuta. Baba alikuwa amekuja kwake mjini kutibiwa figo na kumwacha mkewe nyumbani, safari ya kutwa nzima kwa gari, kwa sababu mama miguu ilimvimba na kukaa kitako muda mrefu hakuweza. Kwa hiyo mara ya mwisho mama alimwona mumewe akiwa wima mlangoni, begi begani, anamkumbusha afunge koki ya tangi kila akimaliza kuchota. Kuugua kwake hakukuona. Kukonda kwake hakukuona.

Sindano akampigia mama simu kumpa habari.

"Mvalishe suti ya kijivu," mama akasema. "Na huo uso msiufunike moja kwa moja. Nimwone kwanza, mwanangu. Nikishamwona ndipo nitalia."

Sindano akaichukua suti ya kijivu, ambayo baba alikuja nayo begini, akaifumua mishono. Baba alikuwa amepungua hadi angeweza kuingia humo mara mbili. Aliipunguza kiunoni na mikononi, akaishona upya kwa mkono maana mlio wa cherehani siku hiyo ulikuwa unamgonga kichwani, na mabegani akatia pamba kidogo. Alitaka mama amkute mume wake, siyo ugonjwa.

Gari la kubebea maiti lilikuwa jeupe, la kampuni ndogo ya mazishi pale mtaani. Dereva wake, mtu mzima mwenye mvi za masikioni, aliitwa Taratibu na kila mtu, hata mwajiri wake. "Abiria wangu hawana haraka," alikuwa akisema watu wakimtania kwa mwendo wake. Alilitelezesha jeneza kwenye reli za sakafuni, akalibana kwa makomeo mawili ya chuma lisije likarudi nyuma kwenye milima. Mdogo wake Sindano, ambaye nyumbani na shuleni kwake alijulikana kama Mwalimu, akakaa kwenye kibenchi kando ya baba yake. Sindano akakaa mbele. Wakaondoka.

Walikuwa wamevuka nusu ya safari, wanapanda mlima, Sindano aliposikia harufu.

"Hii si petroli?"

"Ni ya lile lori la mafuta mbele yetu, dada," alisema Taratibu. "Malori haya yanamwaga ovyo."

Lori likakata kona likapotea, harufu ikabaki. Kisha moshi mwembamba ukachomoza pembeni mwa boneti, kama mvuke wa chai. Taratibu akaegesha gari kando ya barabara kwa utulivu, kama alivyozoea, na kabla hajavuta breki ya mkono mwali ukaruka ukalamba kioo cha mbele kutoka chini hadi juu.

"Shukeni! Shukeni wote!"

Sindano hakujua ametokaje. Alijikuta majanini, kiatu kimoja hana. Mwalimu alikuwa amepitia mlango wa nyuma na tayari ameshika vishikio vya jeneza, anavuta, mishipa ya shingo imemtoka. Jeneza halikutikisika.

"Makomeo!" alipiga kelele Taratibu. "Makomeo yako kwa mbele, upande wa viti!"

Mbele ndiko moto ulikokuwa. Taratibu akachomoa mtungi wa kuzimia moto. Ukatema unga kidogo, ukakohoa, ukaisha. Mwalimu akajitosa ndani, akapapasa komeo la kwanza akalifungua. La pili lilikuwa limeshakuwa kaa la moto. Alilishika hivyo hivyo. Sindano alimsikia akipiga ukelele ambao hajausikia kwake tangu walipokuwa watoto, na Taratibu akamkamata Mwalimu kiunoni, akamburura nje kinyumenyume huku akirushiwa mateke.

"Niache! Baba yangu yumo!"

"Baba yako amekwisha kufa, mwanangu! Wewe bado!"

Magari yalikuwa yamesimama. Wako waliorusha mchanga kwa mikono, na wako walionyanyua simu kupiga picha. Mwanamke mmoja asiyemfahamu alimkumbatia Sindano kutoka nyuma, akamziba macho kwa kiganja chake, naye Sindano akakiondoa. Aliona mapazia ya zambarau ya madirisha ya gari yakiwaka. Aliona paa likibonyea. Alifikiria pamba aliyoitia mabegani, jinsi itakavyoshika moto upesi, na fikra hiyo haikumtoka tena kichwani.

*

Kilichopatikana kiliwekwa katika jeneza jingine, la kawaida kwa urefu, likapigiliwa misumari. Mama mdogo, dada yake mama, alitumwa atangulie kumweleza. Walipofika, Mwalimu mikono imefungwa bendeji hadi viwiko, walimkuta mama barazani, amevaa vizuri, miguu yake juu ya kistuli.

"Fungueni," alisema.

"Mama," alisema Mwalimu, "hilo halifunguliwi."

"Si misumari tu hiyo? Ingia stoo, baba yenu ana vifaa vya kila namna."

Watu wazima wakatazamana. Mama mdogo akapiga magoti mbele ya dada yake, akamshika magoti. "Dada, si nimekueleza? Gari liliungua."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Gari limeungua. Mwanangu ametoka, binti yangu ametoka, dereva ametoka. Yeye aliyekuwa anapanda mapaa ya watu mpaka juzi, ndiye aliyeshindwa kutoka?"

Wangesema nini? Kwamba hakutoka kwa kuwa alikuwa maiti? Ndicho kitu chenyewe ambacho hakuwahi kuonyeshwa.

Mama alilitazama jeneza muda mrefu, kisha akageuza uso. "Huyo simjui. Mzikeni mgeni wenu, Mungu amrehemu. Mimi niko hapa namsubiri mwenye nyumba."

Wakazika bila yeye. Sindano aliporudi kutoka makaburini alimkuta mama anapepeta mchele, na hakuwa amelia hata chozi moja.

*

Mkaguzi wa magari wa polisi ndiye aliyewaeleza chanzo. Mpira unaopeleka petroli kwenye injini ulikuwa umepasuka, mafuta yakarukia chuma cha moto. Halikuwa jambo jipya. Aina ile ya gari, kiwanda chenyewe kilikuwa kimeyaita yote yarudishwe yabadilishwe mpira huo, kwani ulitengenezwa vibaya. Mwaka uliopita ilitangazwa redioni. Mwenye kampuni ya mazishi alikiri alisikia, lakini gari lake alilinunua kwa mtu aliyelinunua kwa mtu, naye akadhani tangazo linawahusu wenye magari mapya. Alikuwa analia anaposema, na Sindano alishindwa hata kumchukia.

Basi akaenda kwa waliotengeneza. Ofisi zao mjini zilikuwa na sakafu inayong'aa na magari mapya nyuma ya vioo. Walimpokea vizuri, wakampa maji ya kunywa. Ofisa wa huduma kwa wateja alikuwa mwanamke wa rika lake, mwenye sauti ya upole, na upole wenyewe haukuwa wa kuigiza.

"Pole sana, dada yangu. Tumelifuatilia tukio hilo. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyedhurika."

Sindano alidhani hakusikia sawasawa. "Mdogo wangu hawezi kushika chaki."

"Huyo tunamjua. Yeye alishatoka nje salama akarudi mwenyewe ndani. Kwa upande wa kampuni hilo ni suala jingine."

"Na baba yangu?"

"Marehemu... alikuwa ameshafariki, dada."

"Kwa hiyo hakuungua?"

"Sikusema hivyo."

"Sema basi. Kuna mtu aliungua au hakuna?"

Mwanamke yule aliinamisha macho kwenye meza. "Utaratibu wetu unazungumzia watu waliojeruhiwa au kupoteza maisha, na mali. Gari ni mali ya kampuni ya mazishi. Mzee hayumo popote. Nimetafuta, nakuapia nimetafuta. Hakuna mahali pa kumweka."

Sindano akaomba auone huo mpira. Ofisa alisita, kisha akapiga simu karakanani, na baada ya kitambo fundi mwenye ovaroli safi akaja nao, mpya, wa kubadilishia. Ulikuwa mweusi, hauzidi shubiri moja. Sindano akaupindapinda kama anavyojaribu lastiki ya sketi.

"Kuubadilisha kunachukua muda gani?"

"Ah, kazi ndogo tu," alisema fundi, bila kujua anaongea na nani. "Mteja anakunywa soda, hajamaliza tumeshafunga. Tena bure."

Sindano akauweka mezani, akawashukuru wote wawili, akaenda zake. Alikuwa amekuja amejaa maneno, ameyapanga njia nzima. Barabarani aligundua hasira imemwisha na mahali pake hapakuingia kitu.

*

Alifunga duka lake la ushonaji akahamia kwa mama. Mwalimu alipewa kazi ya kutunza maktaba ya shule, na akaacha kuja nyumbani; alisema hawezi kukaa mezani na mama anayemuuliza baba yake atafika lini. Sindano hakumlaumu. Yeye mwenyewe alikuwa akiulizwa kila kukicha.

Siku moja alasiri alikuja Taratibu. Alikuwa ameacha udereva, amekonda, kofia anaizungusha mikononi kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba radhi. Mimi ndiye niliyekuwa dereva siku ile."

Uso wa mama ukachangamka jinsi ambavyo Sindano hakuwahi kuuona tangu msiba. "Marahaba, baba! Karibu, karibu kiti! Sindano, mletee mgeni maji. Wewe ndiye hasa niliyekuwa nakutafuta. Hawa wanangu hawaniambii lolote la maana." Akajisogeza mbele, akamshika mkono. "Ulimshushia wapi?"

Taratibu akamtazama Sindano. Sindano akatazama chini.

"Mlimani, mama," alisema Taratibu. "Ilikuwa pale mlimani."

"Mbona hukumngoja?"

Mtu mzima yule akaangua kilio mbele yao, kilio cha kwikwi, kofia imeziba uso. Mama alimpigapiga begani, akambembeleza. "Usilie, baba. Si kosa lako. Ni mbishi yule, akitaka kushuka, atashuka. Anaijua njia." Taratibu aliondoka bila kugusa maji, na hawakumwona tena.

Miguu ya mama ikazidi. Ngozi ilianza kupasuka na kutoa majimaji, pumzi ikawa fupi. Mganga wa zahanati alisema moyo ndio unaochoka, apelekwe hospitali kubwa bila kuchelewa. Mama akakataa katakata. Aondoke nani abaki? Mwenyewe akija akute kufuli?

Sindano alimsihi kwa mema, akamsihi kwa ukali. Alimleta mama mdogo, naye akashindwa. Wiki zilipita hivyo, mama analala ameketi kwa sababu akijilaza anakosa hewa, macho kwenye lango. Mwishowe, asubuhi moja, akiwa amechoka hadi hajisikii, Sindano aliingia chumbani akasema alichoapa hatakisema maishani.

"Mama, wamenipigia simu. Baba yuko hospitali kubwa. Anakuulizia."

Mama hakushangaa. "Si niliwaambia?" alisema. Akataka gauni la buluu, akataka mafuta ya nywele, akamharakisha Sindano na vifungo. Safari nzima alikuwa anaongea, anamtania mwanawe kwamba baba yake atamsema kwa kukonda.

Hospitalini Sindano alitafuta kiti cha magurudumu na mama akakikataa. Hataki mume amkute anasukumwa. Akaingia wodi ya kwanza kwa miguu yake ile, ameshikilia ukuta, anasimama kwenye kila kitanda, anainama amwone aliyelala, anasema "Samahani, baba," anakwenda kingine. Alipomaliza upande mmoja akavuka upande wa pili.

Muuguzi akamfuata Sindano mlangoni. "Mnamtafuta mgonjwa gani? Nipe jina niwasaidie."

Sindano alifungua mdomo. Mama alikuwa ameshafika kitanda cha mwisho, anahema kwa taabu, na sasa anaelekea wodi ya pili. Sindano akachukua begi la mama akamfuata.