Majibu Yaliyokuja na Kaimati

Jumamosi, tarehe 8 Machi mwaka 2025, ndani ya mwezi wa Ramadhani, nilikataa zawadi ya jirani yangu mbele ya mkewe, na mpaka leo sijaona sababu ya kuomba radhi.

Jirani huyo anaitwa Mubin. Ni mhandisi, mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, mtaa mmoja nami, na kazi yake ni kusimamia mitambo ya kupoza hewa katika maghorofa ya Jumeirah Lake Towers. Yeye na mkewe Kuruthum wanaishi orofa ya juu yetu hapa Al Mankhool, huku Uarabuni.

Shida ilikuwa ya binti yangu Shifaa. Anasomea uhandisi wa vyombo vya angani, na mwaka uliotangulia alishindwa somo moja. Chuoni kwao, anayeshindwa somo hilo mara ya pili huondolewa katika idara. Ilibaki kazi moja ya kuamua: maswali mawili ya kuwasilishwa Jumatatu, na kila mwanafunzi angesimama ubaoni kueleza majibu yake. Swali la kwanza lilihusu mfumo wa kudhibiti setilaiti ili isiyumbe inapogeuzwa kuielekea dunia. La pili lilihusu setilaiti mbili zinazoizunguka dunia katika njia moja, ile ya nyuma ikitakiwa kuifikia ya mbele.

Shifaa alikuwa ameomba msaada kila alikoweza. Katika makundi ya mtandaoni watu walimjibu upesi, lakini wote kwa maneno yale yale: tuma maswali, lipa, utaletewa majibu. Hakuna aliyesema njoo nikufundishe.

"Mama, mimi sitaki majibu," aliniambia. "Nataka mtu akae kando yangu, nikikosea aniulize kwa nini."

Ndipo nilipomkumbuka Mubin. Alasiri ile nilipakua viazi vya nazi na sambusa, nikaweka karatasi ya maswali juu ya kifuniko, nikapanda ngazi hadi mlangoni kwa Kuruthum.

"Mwambie kaka Mubin mtoto anaomba msaada," nikasema.

Hapo nilikosea, na ni kosa la watu wa kwetu. Pwani, sahani ya futari hairudishwi tupu. Ukiletewa, nawe hupakua ulichonacho, na mwenye kuijua heshima yake hurudisha sahani iliyojaa. Nilikwenda kuyaweka maswali juu ya sahani, nikasahau kwamba Mubin alikuwa mtu wa Kibokoni kabla hajawa mhandisi.

Tulikuwa tumefuturu na kuswali Magharibi Kuruthum aliposhuka. Sahani ilikuwa na kaimati, na juu ya kaimati, ndani ya mfuko wa plastiki zisiguswe na shira, zilikuwapo karatasi za majibu. Maswali yote mawili yalikuwa yametatuliwa mpaka mstari wa mwisho, kwa mwandiko wa kupendeza.

"Khalas, yamekwisha," Kuruthum alisema akiketi. "Mume wangu hakupata hata usingizi wa alasiri kwa ajili yenu. Shifaa, mwanangu, wewe nakili tu, kisha ule kaimati kabla hazijapoa."

Mume wangu, Hafiz, alicheka kwa raha. "Maswali ya mbinguni, na majibu yameshuka kutoka orofa ya juu. Ramadhani hii ina baraka."

Shifaa alizipitia karatasi. Niliona mkono wake ukiiendea kalamu, kisha ukarudi mapajani. Alikuwa amechoka, na Jumatatu ilikuwa karibu. Akainua uso, akanitazama mimi.

Nami nilijua jambo ambalo wao hawakulijua. Kabla sijajiunga na darasa la watu wazima la kusoma na kuandika, watu waliniandikia kila kitu. Hospitalini, benki na ubalozini walinijazia fomu kwa upole, wakakishika kidole changu na kukichovya katika wino. Hawakunidhulumu. Walikuwa watu wema, na wema wao uliniacha pale pale waliponikuta. Wa kwanza kunikatalia alikuwa mwalimu wetu, Bi Rebecca wa Kitale. Nilipomwomba aniandikie jina la binti yangu, aliweka mikono yake nyuma ya mgongo, akaniambia, "Andika, Mama Shifaa. Mimi nipo."

Nilizirudisha karatasi ndani ya mfuko, nikamkabidhi Kuruthum.

"Kaimati tumepokea, na Mungu awalipe. Hizi mrudishie mwenyewe."

"Unanirudishia zawadi? Mwezi huu?"

"Ninairudisha kazi ya mtu mwingine."

"Ama kweli, Mama Shifaa, tangu uanze kusoma umekuwa na maringo ya mwalimu mkuu."

"Bado sijafika huko. Kwanza nimalize kitabu cha pili."

Hafiz hakucheka tena, akanigeukia. "Mwanatumu, chukua. Watu watasema tuna kiburi. Na mtoto akiondolewa chuoni?"

"Akiondolewa, ataondolewa yeye, kwa anachokijua na asichokijua. Akipita kwa karatasi hizi, atakayepita ni Mubin, na Mubin tayari ana shahada."

Kuruthum aliondoka bila kuaga. "Ngoja aje mwenyewe, umwambie hayo usoni," alisema kutoka mlangoni.

Mubin alishuka akiwa na karatasi mkononi. Hakutaka kuketi.

"Dada, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Tuliomba msaada, ukatupa majibu. Sasa ninaomba upya, na safari hii bila sahani: kaa na Shifaa, kalamu ashike yeye."

"Hiyo ni kazi ya kutwa nzima."

"Kesho ni Jumapili, huendi kazini."

Kabla hajajibu, Shifaa aliunyoosha mkono kwenye karatasi ya pili. "Mjomba Mubin, hapa umeandika setilaiti ya nyuma iongeze kasi ili iifikie ya mbele. Kwa nini?"

"Kwa nini tena? Gari hulifikiaje gari lililo mbele yake?"

"Lakini hii ikiongeza kasi inapanda juu, na huko juu mzunguko ni mrefu zaidi. Naona itazidi kuachwa. Ila sijui kulithibitisha kwa hesabu."

Mubin aliusoma tena mstari ule kwenye karatasi yake. Kisha akavuta kiti, akaketi.

"Udhibiti ndio mkate wangu wa kila siku," alisema. "Haya ya setilaiti sikuyasoma sana. Niliona aibu kurudisha sahani nusu."

Hafiz ndiye aliyeanza kucheka, Mubin akafuata.

Jumapili alikuja, akaikalia mikono yake ili isiikimbilie kalamu. Alimweleza Shifaa kuhusu mitambo yake: ukiiamuru irekebishe joto kwa pupa, hupoza kupita kiasi, kisha huzima, kisha huwaka tena, na jengo zima halitulii. Setilaiti nayo husahihishwa kwa kiasi. Shifaa alikosea, akaulizwa kwa nini, akafuta, akakosea pengine. Swali la kwanza lilipokamilika waliligeukia la pili, wote wawili sasa wakiwa wanafunzi. Shifaa alithibitisha kwamba setilaiti ya nyuma inapaswa kupunguza kasi, ishuke karibu na dunia ambako mzunguko ni mfupi, ndipo imuwahi mwenzake. Kipengele cha mwisho, cha wakati wa kukutana kwao, kiliwashinda.

"Andika chochote, mama," Hafiz alimsihi binti yake Jumatatu asubuhi. "Nafasi tupu inaonekana vibaya."

Shifaa aliandika, "Hapa sijafika," akaenda.

Ubaoni mwalimu alimuuliza chombo kinachopunguza kasi kitawahije. Alieleza. Akaulizwa kuhusu nafasi ile tupu, akaonyesha mstari aliokwamia na alichojaribu. Matokeo yalitoka wiki hiyo hiyo. Alama zake si za kutangaza mbele ya wageni, lakini zilivuka mpaka, na jina lake limebaki katika idara.

Kuruthum husimulia katika jengo letu kwamba nina kiburi. Na asimulie. Nilikikataa kitu kizuri kutoka kwa watu wazuri, na nikiletewa tena nitakikataa, hata kama safari hiyo binti yangu atashindwa.

Wewe uliyefika hapa, mpelekee mwingine habari hii, hasa aliye mwepesi wa kuwafanyia kazi wenzake wanaoomba kufundishwa. Kama ni mama asiyejua kusoma, usimsomee yote. Anza kwa kumwonyesha lilipo jina la Shifaa, umwache alitamke mwenyewe.